Siku Tisa za Windows Mpya Katikati ya Msimu wa Korosho

Mimi ni karani wa chama cha msingi cha ushirika, upande wa barabara inayotoka Mtwara mjini kwenda Nanyamba. Msimu ukifika, kazi yangu ni kupokea korosho, kusimamia mizani, kuandika stakabadhi na kuhakikisha kwamba majina ya wakulima yanalingana na akaunti zao za benki kabla malipo ya mnada hayajaanza kuingia. Kumbukumbu zote hizo ziko kwenye kompyuta mpakato moja ambayo betri yake ilikufa zamani, kwa hiyo inaishi kwa chaja tu. Naitaja betri mapema kwa sababu ndiyo iliyoniponza.

Microsoft ilisitisha huduma ya kawaida ya Windows 10, mfumo unaoendesha kompyuta yangu, tarehe 14 Oktoba 2025, na kila nilipowasha mashine tangazo lilinikumbusha. Badala ya kungoja msimu uishe, Ijumaa moja ya Novemba nilinunua bando la usiku nikaipandisha mashine kwenda Windows 11. Vigezo ilikuwa navyo: chipu ya usalama ya TPM 2.0, na RAM, yaani kumbukumbu ya kufanyia kazi, ya GB 8 wakati kiwango cha chini kinachotakiwa ni GB 4. Asubuhi iliwaka vizuri, mafaili yote yakiwa mahali pake, nami nikajiona fundi.

Jumatatu printa ya stakabadhi ilianza kutoa karatasi zenye alama zisizosomeka, kwani draiva yake, yaani programu inayoiwezesha kuelewana na kompyuta, ilikuwa ya miaka mingi na haikuelewana na mfumo mpya. Nikawa nachapa kwa kupeleka flashi steshenari, jambo linaloudhi sana foleni ya wakulima inapofika mlangoni. Siku hiyohiyo diski ililalamika kwamba imejaa. Nilipofungua sehemu ya kusafisha diski nilikuta mafaili ya mfumo uliotangulia yamechukua zaidi ya GB 20, nikayawekea alama ya kufutwa, na kidole kilikuwa tayari juu ya kitufe nilipoitwa mizanini kwa sababu gunia moja lilikuwa linabishaniwa. Niliporudi nilikuwa nimesahau nilichokuwa nafanya, nikafunga dirisha. Ubishi wa gunia lile ndio ulioniokoa, maana mafaili yale ni folda ya Windows.old, na ndani yake ndimo mfumo wa zamani unamotunzwa kwa siku 10 baada ya kupandisha. Ukiifuta, au siku hizo zikipita ikajifuta yenyewe, njia rahisi ya kurudi inafungwa.

Jumamosi iliyofuata, siku ya nane, mashine ilikuwa inasakinisha masasisho umeme ulipokatika. Uliporudi, mashine ilijaribu kuwaka mara kadhaa ikashindwa, kisha ikaleta kioo cha bluu kinachodai ufunguo wa tarakimu 48. Sikuwahi kuusikia ufunguo huo.

Nilimpigia fundi mmoja wa mjini, kijana tunayeaminiana.

"Shikamoo dada. Ilete tu, naipiga Windows upya, jioni unaichukua."

"Marahaba. Na daftari la wakulima?"

"Hapo sasa, kama hukuweka nakala, litaondoka nalo."

Nilimuuliza kama anaweza kuitoa diski akaisomee kwenye mashine nyingine, kama alivyowahi kumfanyia mwalimu mmoja. Akaniambia kwamba kioo kile maana yake ni kuwa diski imefungwa kwa usimbaji wa BitLocker, kufuli la Windows linaloyageuza mafaili yasisomeke bila ufunguo, na hata ikihamishiwa mashine nyingine itadai ufunguo uleule. Lakini ndiye aliyenielekeza pa kuutafuta: kwa kuwa mashine niliifungua tangu mwanzo kwa akaunti ya Microsoft, ufunguo ulijihifadhi humo. Niliingia kwenye akaunti kwa simu, nikalinganisha herufi na tarakimu nane za mwanzo za kitambulisho cha ufunguo na zile zilizokuwa kwenye kioo, nikaukuta: mafungu manane ya tarakimu sita sita. Niliuingiza taratibu, mtoto wa jirani akinisomea.

Ufunguo ulipokubaliwa, yalifunguka mazingira ya uokoaji, yaani sehemu ya kurekebishia Windows iliyogoma kuwaka. Ndani yake kuna milango kadhaa, na mpangilio wa kuijaribu una maana kubwa. Nilianza na ukarabati wa kuwaka, ambao haugusi mafaili, ukashindwa. Wa pili ni kuondoa masasisho, nao una sehemu mbili: kuondoa sasisho dogo la karibuni, au kuondoa toleo zima. Nilichagua dogo, lile lililokatwa na umeme, na baada ya kama robo saa mashine ikawaka. Kuiweka upya mashine nzima niliiacha iwe ya mwisho kabisa, kwani hata ukichagua kubaki na mafaili yako, programu ulizosakinisha zinaondoka. Kuhusu sehemu ya uokoaji ambayo watengenezaji wengi huiweka kwenye diski kiwandani, yenyewe hurudisha mashine kama ilivyonunuliwa, na kazi zako zote zinapotea. Watu wengi wakisikia neno "kurejesha" wanadhani ni kurejeshewa kazi zao.

Jumapili, siku ya tisa, nilinakili kila kitu kwenye flashi mbili, nikaibeba mashine hadi ghalani kwenye jenereta, kwa kuwa sikutaka tena kuutegemea umeme wa kukatika. Nikaingia kwenye mipangilio, upande wa mfumo, kisha urejeshaji, na kitufe cha kurudi toleo lililopita kilikuwa bado kinabonyezeka. Mashine iliniuliza sababu, ikanionya kwamba programu nilizoweka baada ya kupandisha zitaondoka, na ikanikumbusha nenosiri la zamani. Haikufika saa moja, Windows 10 ikawa imerudi na printa ikachapa stakabadhi safi.

Kubaki na mfumo usiopata ulinzi nako si busara, hasa kwenye mashine yenye akaunti za watu. Nilijiandikisha kwenye mpango wa masasisho ya usalama ya ziada, unaofika tarehe 13 Oktoba 2026. Haukunigharimu fedha kwa sababu nilikubali kuweka nakala ya mipangilio yangu kwenye akaunti.

Februari, ghala likiwa tupu na draiva mpya ya printa imepatikana, nilipandisha tena, safari hii nikiwa na betri mpya. Siku ileile ya kwanza nilifungua dirisha la amri kwa haki za msimamizi, nikaandika DISM /Online /Set-OSUninstallWindow /Value:60, na siku 10 zikawa 60. Amri hiyo haisaidii siku zikishapita. Nilitengeneza pia flashi ya uokoaji ya GB 32, nayo inakaa kwenye droo ya mizani.

Ule ufunguo niliunakili kwa kalamu kwenye jalada la ndani la daftari la mapokezi. Mwenyekiti aliuona wiki iliyopita, akavaa miwani, akahesabu mpaka akachoka.

"Karani, hii akaunti ya mkulima gani?"