Siku moja maishani mwangu: kurusha puto gizani, Ncha ya Kusini

Saa 12 asubuhi

Kiswahili huhesabu saa kwa kulifuata jua. Likichomoza tunaanza kuhesabu mchana, likitua tunaanza usiku. Hapa katika kituo cha Amundsen-Scott jua lilitua Machi, na halitachomoza hadi Septemba. Sasa ni siku za mwisho za Agosti. Kengele inaniamsha katika giza lile lile nililolala nalo, na dirisha limezibwa kwa kadibodi ili mwanga wa taa zetu usizisumbue kamera zinazotazama anga. Saa za ukutani zinafuata majira ya New Zealand, kwa kuwa safari za kuja huku huanzia huko.

Ukumbini kuna skrini ya hali ya hewa: nyuzi −64 za Selsiasi, upepo mita 4 kwa sekunde. Macho yangu yanakwenda kwenye upepo kwanza. Baridi tumeizoea, lakini upepo ndio utakaoamua kama puto letu la kupimia ozoni, gesi ya juu angani inayotukinga na miale mikali ya jua, litapaa leo.

Saa 1

Kifungua kinywa naketi na fundi wa jenereta anayetoka zamu ya usiku. Nampa pole, naye ananiuliza habari za upepo, maana kila mtu hapa anajua leo ni siku ya puto. Tuko watu arobaini na kitu. Ndege ya mwisho iliondoka katikati ya Februari, na nyingine hatuitarajii kabla ya mwisho wa Oktoba, kwa sababu katika baridi hii mafuta huanza kuganda ndani ya matangi. Daktari ni mmoja, na kikosi cha zimamoto ni sisi wenyewe. Jenereta za fundi huyu hutupa umeme, na joto lake husaidia kuyeyusha barafu iliyo chini sana ya miguu yetu, tukapata maji. Theluji tunayoinywa ilianguka karne nyingi zilizopita.

Saa 2

Kuvaa peke yake ni kazi ya dakika ishirini. Kisha nashuka ngazi na kushika njia ya kwenda kwenye jengo la kupimia hewa, karibu nusu kilomita, nikifuata bendera zilizofungwa kwenye fito za mianzi.

Theluji ya hapa haitelezi. Katika baridi kama hii haiyeyuki hata kidogo chini ya sleji, kwa hiyo kuivuta ni kama kuivuta juu ya mchanga mkavu. Kope zinashikana, nazitenganisha kwa kidole. Waya ukiusahau nje unakatika kama kijiti. Tuko mita 2,835 juu ya usawa wa bahari, na karibu kimo chote hicho ni barafu, kwa hiyo pumzi nayo ni fupi.

Lakini leo nimesimama njiani makusudi. Kwenye upeo wa macho kuna utepe wa mwanga, mwekundu chini na samawati juu yake. Haupandi wala haushuki. Unauzunguka upeo wote kwa saa 24, kama mtu anayeizunguka nyumba akitafuta mlango. Juu yake nyota bado zinawaka na aurora, ule mwanga wa kijani unaochezacheza angani, inapita taratibu. Kwa miezi mitano nimekuwa nikiusubiri utepe huu, na kifua kilinijaa.

Saa 3

Upande upepo unakotoka, mbele ya jengo letu, ni Eneo la Hewa Safi. Magari hayaingii huko. Upepo wa hapa huvuma kutoka upande huo karibu mwaka mzima, ukiwa umepita juu ya barafu tupu, na ndiyo maana kupimia hewa hapa kuna maana.

Chupa ni ya kioo, imeondolewa hewa yote. Natoka nayo, natulia, navuta pumzi na kuibana. Natembea hatua kadhaa kuukabili upepo, nainyoosha mikono, nafungua kizibo. Sauti fupi ya hewa inayoingia, nafunga. Ndipo napumua. Pumzi ya binadamu ina kaboni dioksaidi karibu mara mia ya hewa hii, na pumzi yangu moja ingetosha kuharibu kipimo.

Kazi hii ilianza hapa mwaka 1957. Kaboni dioksaidi wakati huo ilikuwa takriban sehemu 315 katika milioni, na Mei 2016 ilivuka 400. Kuna watu waliobana pumzi mahali hapa kabla sijazaliwa, na mstari ule wa grafu ya kaboni dioksaidi unaopanda umetokana na chupa zao. Siku ikipita bila kipimo, hakuna namna ya kuirudia. Ndilo jambo linaloniinua kitandani.

Hadi saa sita nasafisha mirija, nabadilisha vichujio, nakagua pampu. Pampu ya pili inanguruma kwa namna nisiyoipenda.

Saa 7 mchana

Baada ya chakula, puto.

Kifaa chenyewe ni kisanduku cha povu gumu. Ndani yake mna pampu ndogo na vikombe viwili vya dawa yenye aiodini. Hewa inapopitishwa humo, ozoni inaingiliana na dawa na kuzalisha mkondo mdogo wa umeme. Ozoni ikizidi, mkondo unazidi. Redio inatuma namba hizo chini kwetu. Nimekiandaa kwa siku kadhaa, na leo nakirudia tena hatua kwa hatua, kwa sauti, kama ninavyofanya kila mara.

Wakati wa baridi hatutumii mpira. Huko juu nyuzi hushuka chini ya −80, na mpira ungekakamaa na kupasuka mapema mno. Tunatumia puto la plastiki nyembamba sana, refu kuliko mtu mara nyingi. Juma lililopita moja lilichanika mlangoni, nikalia machozi yakaganda.

Saa 8

Mwenzangu anashika shingo ya puto, mimi nafungua heliamu. Plastiki inainuka polepole ikitoa mchakacho. Tunakwenda kwenye mlango mkubwa, nao haufunguki: lachi ya juu imeganda. Nakumbuka mtangulizi wangu aliandika juu yake kwenye daftari la zamu. Naleta kipuliza joto.

“Upepo?” nauliza.

“Sita.”

“Tusubiri.”

Tumesubiri dakika arobaini tukiwa tumelishika. Vidole vyangu vimeuma, kisha vikaacha kuuma, jambo ambalo ni baya zaidi. Nikavibana kwapani kimoja kimoja.

“Nne na nusu.”

“Twende.”

Tumetoka kwa mwendo wa kukimbia taratibu. Mwenzangu ameachia, nami nimeendelea kukimbia na kisanduku mkononi hadi kamba imekaza, nikakiachia. Taa yake ndogo imepanda kati ya nyota, na baada ya dakika chache sikuweza tena kuitofautisha nazo.

Saa 10 hadi saa 11 na nusu

Sasa ni kutazama namba zikija. Kilomita 5. Kilomita 12. Kati ya 14 na 21 najikuta sisemi kabisa, kwa sababu hapo ndipo penye habari. Leo ozoni ya tabaka hilo bado ipo, mstari wake umevimba kama inavyotakiwa. Puto limepasuka kilomita 31.

Najua kitakachofuata. Majira yote ya giza, upepo unaoizunguka Antaktika umeifungia hewa ya juu hadi ikapoa kiasi cha kuunda mawingu ya barafu na asidi. Juu ya chembe za mawingu hayo, klorini iliyotoka kwenye gesi za majokofu na makopo ya kupulizia hubadilika na kuwa tayari kushambulia. Inachongoja ni jua tu. Utepe ule niliofurahia asubuhi ndio unaoleta uharibifu. Ifikapo mwanzo wa Oktoba, mstari huu uliovimba utakuwa karibu umegusa sifuri. Nimejaribu kuipatanisha furaha ile na habari hii, nimeshindwa. Nimeziacha zikae pamoja.

Upungufu huu, unaoitwa tundu la ozoni, ulitangazwa mwaka 1985 na Waingereza wa kituo cha Halley. Waliuona kwa sababu walikuwa na vipimo vya tangu miaka ya 1950, vilivyochukuliwa na watu ambao kwa miaka mingi hawakuona chochote cha ajabu. Mwaka 1987 mataifa yalikubaliana huko Montreal kuziacha gesi zile. Maputo ya hapa yameanza 1986. Ozoni ya Antaktika inatarajiwa kurudi ilivyokuwa 1980 karibu na mwaka 2066, na mtu fulani atalazimika kurusha puto mwaka huo ili ijulikane.

Saa 2 usiku

Zamu yangu ya vyombo. Kisha kuoga: dakika mbili za maji, mara mbili kwa juma. Leo ni siku yangu, na nimekipasha moto kila kidole.

Saa 4

Setilaiti zetu za mawasiliano huonekana saa chache tu kwa siku, na kila siku huwahi karibu dakika nne. Zinafuata nyota, wala si jua. Nimetuma faili ya puto, nimesubiri jibu kwamba imefika salama, kisha nimewaandikia wa nyumbani.

Kabla ya kulala nimefungua daftari la zamu. Atakayenipokea atakuja Novemba, mwanga ukiwa umejaa, na hatakuwa amewahi kuuona mlango ule gizani. Nimeandika: *Puto limepaa, kilomita 31. Pampu ya pili isikilizwe kila asubuhi. Lachi ya juu bado inaganda. Ipashe moto dakika kumi kabla ya kujaza heliamu.* Mwandiko ulio juu ya wangu, wa mwaka jana, unasema dakika tano. Nimeuacha, nikaweka tarehe pembeni ya wangu.