Kumbukumbu ya mradi wangu: kuutambua utando wa seli kwa kazi yake

Mradi huu una swali moja: mtu mwenye hadubini ya kawaida ya mwanga anaweza kuthibitisha nini kuhusu utando wa seli, ilhali utando wenyewe hauonekani? Unene wake ni kama nanomita 7 hadi 8, na hadubini ya mwanga, hata lenzi zake ziwe bora kiasi gani, haiwezi kutenganisha vitu viwili vilivyokaribiana zaidi ya takriban nanomita 200. Kwa hiyo ule mstari unaochorwa vitabuni kuizunguka seli sitauona kamwe kwa unene wake halisi. Kinachoweza kuonekana ni kazi ya utando: unapitisha nini, unazuia nini, na kwa kasi gani. Ninaandika hapa niliyoyaona mpaka sasa, pamoja na hesabu zake, kwa ajili ya yeyote anayetaka kuirudia kazi hii kwa vifaa vichache.

Kuchagua seli

Nimechagua kitunguu chekundu, na hasa ngozi ya upande wa nje wa magamba yake manene, pale palipokolea zambarau. Ngozi hiyo ni safu moja tu ya seli, hivyo mwanga hupenya bila shida, na rangi yake, iitwayo anthosianini, imeyeyuka ndani ya vakuoli, yaani kifuko kikubwa cha maji kilichomo ndani ya seli. Maelekezo mengi hushauri kutia iodini ili kiini kionekane. Ni kweli kwamba kiini huonekana vizuri, lakini iodini huiua seli, na seli iliyokufa haina tena utando unaochagua. Anthosianini, kinyume chake, imewekwa na seli yenyewe, mahali panapojulikana, na seli ingali hai. Kwa mradi wa namna hii hakuna rangi ya dukani inayoifikia.

Katika ukuzaji wa mara 100 kuta za seli (ganda gumu lililo nje ya utando) huonekana wazi, na kila seli imejaa zambarau kutoka upande hadi upande, kwa sababu vakuoli imechukua karibu nafasi yote. Sitoplazimu, ule ute unaojaza seli nje ya vakuoli, imesukumwa pembeni ikawa tabaka jembamba lisilo na rangi. Katika ukuzaji wa mara 400, kwa kufunga kidogo kidhibiti cha mwanga, kiini hujitokeza kama duara hafifu lililoegemea ukuta. Robert Brown ndiye aliyekipa kiini jina lake mwaka 1831, alipokuwa akichunguza seli za okidi. Robert Hooke, aliyechapisha michoro yake ya gamba la koki mwaka 1665 na kuanzisha jina la seli, aliona kuta tupu tu, kwa kuwa seli zile zilikuwa zimekufa zamani. Mradi wangu unahusu kile ambacho koki ya Hooke haikuwa nacho tena.

Chumvi

Kipande cha ngozi chenye milimita chache hukaa katika tone la maji chini ya kioo cha kufunikia. Kisha natia tone la mmumunyo wa chumvi wa asilimia 5 ukingoni mwa kioo, na upande wa pili naweka karatasi ya chujio ivute maji. Ubora wa njia hii ni kwamba jicho linabaki kwenye seli ileile wakati mazingira yake yanabadilika.

Mara ya kwanza mtu hudhani hakuna kinachotokea. Baadaye pembe za seli zinaanza kufifia: zambarau inaziacha, na mpaka wake, uliokuwa umenyooka ukiufuata ukuta, unajipinda kuelekea ndani. Baada ya dakika chache rangi yote imejikusanya katikati ya seli, imekuwa duara au yai, na imekolea kuliko mwanzo, kwa sababu kiasi kilekile cha anthosianini kimebaki na maji machache zaidi. Ukuta, wakati huohuo, karibu haukusogea. Hii ndiyo plazimolisi.

Nafasi iliyoachwa kati ya ukuta na yale yaliyonywea ndiyo inayostahili kutazamwa kwa makini, nayo si tupu. Imejaa mmumunyo wa chumvi kutoka nje, na hilo linaonyesha kwamba ukuta wa selulosi hupitisha maji na chumvi pia. Chumvi ilisimamishwa ndani zaidi ya ukuta, na rangi nayo ilizuiwa isitoke, ilhali maji yalipita. Ukweli huu mtatu unaonekana katika seli moja kwa wakati mmoja, na sijui jaribio jingine la bei ndogo linalosema mengi kiasi hicho.

Hapa inafaa tahadhari moja. Mpaka wa zambarau unaoonekana si utando wa nje wa seli. Ni utando unaoizunguka vakuoli. Utando wa nje uko mbele kidogo, na kati ya tando hizo mbili kuna sitoplazimu isiyo na rangi. Mahali penye kiini tabaka hilo ni nene zaidi, na ukitazama hapo kwa ukuzaji wa mara 400 utaona kwamba ukingo wa rangi na ukingo wa sitoplazimu ni mistari miwili tofauti. Pengine huonekana pia nyuzi nyembamba mno zinazouunganisha utando wa nje na ukuta hata baada ya seli kunywea. Wanabotania huziita nyuzi za Hecht.

Nikivuta maji safi chini ya kioo, vakuoli hujaa tena na mpaka hurudi ukutani. Kipande kilichotumbukizwa kwanza katika maji yanayochemka hakifanyi lolote kati ya hayo: rangi huvuja, na chumvi haivuti kitu kwa kuwa inaingia kila mahali. Nimefanya ulinganisho huo kuwa sehemu ya kudumu ya mradi, kwani bila huo mtu angeweza kudai kwamba ni sifa ya ukuta au ya rangi, wala si ya utando ulio hai.

Sukari kwa viwango

Hatua iliyonipa raha kubwa ni ya kupima. Moli moja (kipimo cha idadi ya molekuli) ya sukrosi, yaani sukari ya kawaida, ina gramu 342, kwa hiyo gramu 34.2 zikiyeyushwa, kisha maji yakaongezwa hadi jumla ifike mililita 100, tunapata mmumunyo wa moli 1 kwa lita. Hadi jumla ifike 100, si kwa kumimina mililita 100 za maji juu ya sukari; sukari yenyewe inachukua nafasi ya zaidi ya mililita 20, na anayepuuza hilo atakuwa na viwango vyote vya chini kuliko anavyoandika. Kutokana na mmumunyo huo nimetengeneza mfululizo kuanzia moli 0.2 hadi 0.6 kwa lita, na katika kila kimoja nimelaza vipande vya gamba lilelile, kwa kuwa magamba ya ndani na ya nje hayalingani. Baada ya vipande kutulia nahesabu katika eneo la hadubini seli zilizojitenga na ukuta na zisizojitenga.

Katika moli 0.25 karibu seli zote zimeshika kuta zao, katika 0.45 karibu zote zimejitenga. Nusu kwa nusu inaangukia karibu na 0.35. Hapo ndipo seli ya wastani imepoteza msukumo wake dhidi ya ukuta lakini haijaanza kunywea, na ndipo ukolezi wa vitu vilivyoyeyuka ndani yake unapolingana, kwa athari ya osmosisi (maji kupita utando kuelekea palipo na vitu vingi zaidi vilivyoyeyuka), na ule wa nje. Kwa nyuzi 20 za Selsiasi, kila moli kwa lita inalingana na shinikizo la takriban baa 24.4, kwa hiyo 0.35 inatoa kama baa 8.5. Gurudumu la gari dogo hujazwa takriban baa 2 hadi 2.5. Ngozi hii laini, inayochanika kwa ncha ya kibano, ikiwa katika maji safi hubeba ndani ya kila seli shinikizo linalokaribia zile baa 8.5, na kinachoizuia isipasuke ni ukuta. Seli nyekundu ya damu haina ukuta, ndiyo maana katika maji safi hupasuka, na ndiyo maana maji ya chumvi yanayotiwa mishipani hospitalini huwekwa asilimia 0.9.

Wilhelm Pfeffer alichapisha vipimo vya shinikizo la osmosisi kwa utando wa kutengenezwa mwaka 1877, na Hugo de Vries akaitumia plazimolisi kama kipimo katika miaka ya 1880. Njia yangu haina tofauti kubwa na ya de Vries, na inanivutia kwamba bado inatoa namba zenye maana. Nilipojaribu chumvi badala ya sukari, nusu ya seli zilijitenga katika ukolezi mdogo zaidi, kidogo zaidi ya nusu ya ule wa sukari, kama inavyotarajiwa kwa kitu kinachogawanyika kuwa ioni mbili, yaani chembe zenye chaji, majini.

Vinavyopita na visivyopita

Sukari haijaingia ndani kwa kiasi cha kuonekana: seli zilizonywea hubaki zimenywea. Gliseroli ni tofauti. Mmumunyo wake wa moli 1 kwa lita huzinywesha seli kwanza, kisha, bila mimi kubadilisha chochote, mpaka wa zambarau huanza kurudi polepole kuelekea ukutani. Maana yake ni kwamba gliseroli inapenya utando taratibu, na maji yanaifuata. Ernest Overton, mwishoni mwa karne ya 19, alijaribu mamia ya vitu kwa namna hii, akaona kwamba vinavyoyeyuka kirahisi katika mafuta ndivyo vinavyopita kwa kasi, akahitimisha kwamba utando una asili ya mafuta. Mwaka 1925 Gorter na Grendel walipendekeza kwamba mafuta hayo yamepangwa tabaka mbili, na mwaka 1972 Singer na Nicolson wakaeleza jinsi protini zinavyokaa na kusogea ndani ya tabaka hizo.

Amonia iliyozimuliwa sana ni onyesho la wazi zaidi. Molekuli yake ni ndogo na haina chaji, hivyo hupenya tando zote mbili haraka, na zambarau ya vakuoli hugeuka samawati, ikielekea kijani. Hidroksidi ya sodiamu, ambayo majini huwa ioni, huchelewa kuibadilisha rangi hiyo mpaka iwe imeuharibu utando. Vitu vyote viwili huunguza, basi kinga ya macho na glavu ni lazima.

Rangi hii imenifikisha kwenye jambo ambalo sikulitarajia kulifikia kwa hadubini ya kawaida, nalo ni usafirishaji unaotumia nishati. Anthosianini huelekea wekundu na zambarau kwenye asidi, na vakuoli ina asidi, pH yake (kipimo cha asidi, ambapo chini ya 7 ni asidi) ikiwa kama 5.5, ilhali sitoplazimu inayoizunguka iko kidogo juu ya 7. Tofauti hiyo haiwezi kudumu kwa mtawanyiko peke yake. Protini za utando wa vakuoli husukuma protoni (ioni za hidrojeni, zinazoleta asidi) kuingia ndani, na kazi hiyo hugharimiwa na ATP, molekuli inayobeba nishati ya seli. Maelezo mengi ya wanaoanza huchukua pampu ya sodiamu na potasiamu, aliyoieleza Jens Christian Skou mwaka 1957, ambayo hutoa ioni 3 za sodiamu na kuingiza 2 za potasiamu, kisha huiweka katika kila seli duniani. Hiyo ni pampu ya wanyama. Seli za kitunguu hutegemea pampu za protoni, na zambarau ninayoitazama ni matokeo ya kazi yake.

Maji nayo yana njia ya pekee. Protini zinazoyapitisha, akwaporini, zilitambuliwa na Peter Agre na wenzake mwanzoni mwa miaka ya 1990, akapata Tuzo ya Nobel ya Kemia mwaka 2003. Plazimolisi haiwezi kunionyesha ni maji kiasi gani yamepita humo na kiasi gani yamepita moja kwa moja katika mafuta, kwa hiyo sitalidai hilo katika mradi huu.

Kazi inayofuata ni ngozi ya upande wa ndani wa gamba, isiyo na rangi, ikitiwa rangi ya maabara iitwayo nyekundu ya nyutro katika mmumunyo wenye alkali kidogo. Rangi hiyo hupita tando ikiwa haina chaji, hupokea protoni ndani ya vakuoli yenye asidi, na ikishakuwa ioni haiwezi kutoka. Kando ya kila kipande nitaweka kingine kilichochemshwa, na nitapiga picha za seli zilezile kila baada ya dakika chache ili nione vakuoli zinavyokolea hatua kwa hatua.