Niacheni mimi na ukuta wa bahari

Katika familia yetu kuna watu wa maji, halafu niko mimi. Tukifika mji wowote wa mapumziko ulio pwani, hata mabegi hayajafunguliwa, dada yangu keshavaa nguo za kuogelea na wanawe wamemtangulia mbio. Mimi huulizia kitu kimoja tu: njia ya matembezi inaanzia wapi na inaishia wapi.

Naisema ile njia pana inayofuatana na bahari, yenye ukuta mfupi upande wa maji na mabenchi ambayo chumvi imeshaanza kuyala misumari. Wenzangu huiona kama pa kuvukia tu kwenda mchangani. Kwangu mimi ndiyo iliyonitoa nyumbani.

"Mjomba, yaani umekuja baharini kutazama watu?" mpwa wangu aliniuliza, maji yakimchuruzika kichwani.

Ndiyo, nimekuja kutazama watu. Asubuhi na mapema njia ni ya wakimbiaji na ya wazee wanaotembea mikono nyuma, wakisalimiana na kila mtu. Jua likipanda kidogo wanatokea wazazi wenye vigari vya watoto. Mchana hubaki wapenzi wawili watatu ambao jua haliwahusu. Jioni ndiyo yenyewe: mji mzima umeoga, umejipamba, na unatembea kwenda mwisho wa njia ili ugeuke urudi. Utapishana na mtu yuleyule mara ya kwanza ukamtazama, mara ya pili ukajifanya hujamwona, na mara ya tatu mkacheka wote wawili. Hakuna anayekuuliza unaelekea wapi. Kwingineko mtu mzima akionekana anakwenda na kurudi hivyo, lazima aulizwe amepotelewa na nini.

Na kama mnadhani hii chuki yangu kwa mchanga ni ya peke yangu, someni habari za Atlantic City, Marekani. Mwaka 1870 walijenga njia ya mbao ufukweni, na sababu kubwa ilikuwa kuzuia wageni wasiingize mchanga kwenye kumbi za hoteli na kwenye mabehewa ya treni. Hao ni watu wangu! Anayebisha akalale usiku mmoja kwenye shuka lenye mchanga, kisha tuzungumze. Kule Nice, Ufaransa, njia maarufu ya ufukweni inaitwa Promenade des Anglais, maana yake matembezi ya Waingereza, kwa kuwa ni Waingereza waliokuwa wakiikimbia baridi ya kwao ndio waliochanga fedha za kuianzisha, katika miaka ya 1820. Wamesafiri kote huko, bahari iko mbele yao, nao wakaona kinachokosekana ni mahali pa kutembea. Halafu kuna Copacabana, Rio de Janeiro, ambako njia imetandazwa vijiwe vyeusi na vyeupe vilivyopangwa kwa umbo la mawimbi. Roberto Burle Marx, msanifu wa bustani wa Brazil, ndiye aliyeisanifu upya mwaka 1970. Mawimbi ya kukanyaga bila kulowa. Nani kasema mimi siyapendi mawimbi?

Lakini nisiwe mkaidi kupita kiasi. Mchangani nashuka, ila kwa saa zangu: maji yakiwa yamekupwa. Mchanga mkavu wa juu sina haja nao, kwa sababu kutembea juu yake kunakula nguvu zaidi ya mara mbili ya zile za ardhi ngumu, na kila hatua inakurudisha nyuma. Ule wa chini ulioachwa na maji punde ni habari nyingine. Unyevu unazishikanisha chembe zake, mguu hauzami, na mtu anaweza kutembea hadi akasahau alikoacha viatu. Shida ni kwamba maji hayafuati saa ya mkononi. Kila siku ratiba yake husogea mbele kwa kama dakika 50, kwa hiyo matembezi ya asubuhi mwanzoni mwa wiki huwa ya mchana wiki ikielekea kwisha. Na siku za bamvua, mwezi ukiandama au ukiwa mpevu, maji yanakwenda mbali kweli, kisha yanarudi kuupiga ukuta wenyewe. Siku hizo huegemea ukutani na kungoja maji yanirukie, na hapo hata watu wa maji hunikuta tayari nimelowa.

Kuna jambo jingine ambalo walio majini hawalioni. Ukisimama juu ukutani, bahari inajieleza yenyewe. Unaona mawimbi yanavunjika hapa na pale, na katikati pana ukanda uliotulia, rangi yake imekoza, povu linaelea kurudi kilindini. Aliyeko chini huuona kama mahali salama pa kuogea kwa sababu hauna mawimbi. Kumbe ndipo maji yanapotokea kurudi baharini, na yanaweza kuondoka na mtu. Nimewafundisha wapwa zangu: mkikokotwa, msipigane na maji kwa kuogelea moja kwa moja kuja pwani. Ogeleeni kwa kufuata urefu wa ufuo mpaka mtoke kwenye mkondo, ndipo mgeuke. Na penye bendera nyekundu hakuna mjadala, hata kama bahari inaonekana imelala.

Siku hizi dada yangu, kabla hajaingia, hunigeukia kwanza. "Kaka, huko juu unaonaje?" Nami namwonyesha kwa kidole, huku najitahidi nisionekane nimefurahi mno.

Jioni hunifuata kwenye matembezi, ingawa hatua zake ni za mtu anayewahi basi na benchi moja tu linamtosha kuanza kuuliza tunarudi saa ngapi. Safari ijayo ameapa kwamba tutaimaliza njia nzima, yeye na wanawe. Sharti langu ni moja: ndala zikung'utwe ngazini.