Ushahidi Ambao Anne Devlin Hakuutoa

Kwa muda sasa nimekuwa nikisoma habari za maasi ya Ireland dhidi ya utawala wa Uingereza, na kilichonishika zaidi si mapigano wala hotuba, bali kiasi kimoja cha fedha kinachojitokeza mara mbili katika kumbukumbu zake, miaka 162 ikiwa katikati. Mwaka 1641 mtumishi mmoja alizawadiwa paundi 500 kwa sababu alisema. Mwaka 1803 mtumishi mwingine aliahidiwa paundi 500 ili aseme, naye akakataa. Siri ya mtungi aijuaye ni kata, na wakuu wa Dublin walilielewa hilo vizuri: walipotaka kujua bwana ametenda nini, walimtafuta aliyempikia, aliyemfungulia mlango na aliyemtandikia kitanda.

Wa kwanza ni Owen O'Connolly, Mgaeli, yaani mwenyeji wa asili wa Ireland, aliyekuwa ameingia katika Uprotestanti na katika utumishi wa Sir John Clotworthy. Jioni ya tarehe 22 Oktoba 1641 alikuwa Dublin akinywa pamoja na Hugh Óg MacMahon, mtu aliyelelewa naye kama ndugu, ambaye alimfunulia kwamba kesho yake waasi wangeiteka Ngome ya Dublin, makao ya serikali. Katika maelezo yake ya kiapo O'Connolly anasimulia kwamba aliuacha upanga wake chumbani ili ionekane kuwa angerudi, akasema anakwenda uani kujisaidia, na MacMahon, ambaye hakuwa mjinga, akamtuma mtumishi wake amfuate. Huko uani O'Connolly aliruka ukuta, akaruka na nyua mbili, akakimbilia kwa Sir William Parsons, mmoja wa wakuu wawili walioitawala nchi kwa niaba ya mfalme. Alikuwa amelewa kiasi kwamba Parsons hakumsadiki mara moja. Ngome ilisalimika, ingawa maasi yalilipuka kaskazini vilevile. MacMahon alinyongwa London mwaka 1644, na bunge la Uingereza likampa O'Connolly zile paundi 500 pamoja na malipo ya paundi 200 kila mwaka. Ningependa ieleweke kwamba huyu hakumchongea bwana wake. Bwana wake alikuwa upande wa walioshinda usiku ule. Aliyeponzwa ni ndugu.

Katika maasi ya 1798 kuna kisa kingine ambacho sitakikalia sana, lakini kinaonyesha jinsi ushahidi wa aina hii ulivyotengenezwa. Waasi walikusanyika katika uwanja wa nyumba ya Sir Edward Crosbie, huko Viewmount, kabla ya kuingia mji wa Carlow alfajiri ya tarehe 25 Mei na kuuawa kwa mamia. Crosbie akashtakiwa, na swali la kesi lilikuwa moja tu: je, mwenye nyumba aliwaruhusu, au walimvamia? Ni swali ambalo watu wa ndani ndio wangelijibu vyema kuliko wote. Hata hivyo mahakama ya kijeshi ilisikiliza wafungwa waliopigwa na kuahidiwa uhai wao, huku mashahidi waliokuja kumtetea wakizuiwa mlangoni kwa singe. Crosbie alinyongwa tarehe 5 Juni, na kichwa chake kikakatwa na kuwekwa hadharani. Kwa hiyo ninaposoma ushahidi wowote wa miaka ile, kabla ya kuuliza shahidi alisema nini, nauliza nani alikuwa amesimama mlangoni.

Sasa nije kwa Anne Devlin, ambaye ndiye hasa aliyenifanya niandike. Alikuwa binti wa mkulima wa kaunti ya Wicklow, na Michael Dwyer, kiongozi wa waasi aliyekuwa bado amejificha milimani, alikuwa binamu yake. Mwaka 1803 Robert Emmet, kijana wa miaka 25 aliyekuwa akipanga maasi mapya, alipanga nyumba katika njia ya Butterfield huko Rathfarnham, kusini mwa Dublin, kwa jina la uongo la Ellis. Nyumba isiyokuwa na mwanamke wala mtumishi ingewashangaza majirani, ndipo Anne akahamia humo na kujifanya msimamizi wa nyumba. Neno "mtumishi", basi, lilikuwa vazi la kujifichia, na inaudhi kidogo kuona kwamba vitabu vingi vimemwachia alivae mpaka leo, kana kwamba alikuwa kijakazi mwaminifu tu aliyempenda bwana wake. Alipika na kufagia, ndiyo, lakini pia alibeba ujumbe na alijua kila aliyeingia na kutoka.

Maasi yalizuka jioni ya tarehe 23 Julai na kuvurugika usiku uleule. Wiki moja kabla, baruti ilikuwa imelipuka katika ghala mojawapo la siri mjini. Watu waliotarajiwa hawakufika, na waliofika hawakutii amri. Katika mtaa wa Thomas umati ulimshusha jaji mkuu, Lord Kilwarden, kutoka garini mwake na kumchoma mikuki. Emmet alipoona kwamba hawezi tena kuwazuia, aliondoka na wenzake wachache wakarudi Rathfarnham.

Hapa ndipo lilipo jambo ninalotaka kulisema. Anne aliwafungulia mlango, na badala ya kuwapokea, aliwakaripia. Kwa masimulizi yake mwenyewe aliyoyatoa uzeeni, aliwaita waoga waliowaongoza watu kwenye maangamizi kisha wakawaacha. Emmet alimjibu kwa upole kwamba asimlaumu, kwa kuwa kosa halikuwa lake. Kwa hiyo Anne Devlin alikuwa na ushahidi juu ya mwenendo wa bwana wake, na ulikuwa mkali kuliko jambo lolote ambalo mwendesha mashtaka angeweza kulitunga. Aliutoa usiku uleule, mlangoni, mbele ya mhusika mwenyewe. Ulipotakiwa na wengine, aliufungia kifuani.

Siku chache baadaye wanamgambo wa serikali walifika Butterfield wakiuliza alipo "Bwana Ellis". Walimchoma kwa ncha za singe mpaka akatoka damu. Wakauinua mkokoteni uani, mipini ya mkokoteni ikaelekea juu, wakapitisha kamba na kumvuta shingoni hadi akakaribia kufa, kisha wakamshusha na kumuuliza tena. Jibu lake lilibaki kuwa hana la kusema. Alipokamatwa baadaye na kupelekwa Ngome ya Dublin, mateso yaligeuka kuwa fadhila: hapo ndipo alipoahidiwa paundi 500, kwa msichana ambaye baba yake alikuwa akikodi shamba. Akakataa. Jamaa yake karibu yote ilitiwa ndani, na mdogo wake wa kiume, mtoto bado, alipata homa gerezani akafa.

Emmet alikamatwa tarehe 25 Agosti, wote wawili wakawa katika gereza la Kilmainham. Dr. Edward Trevor, aliyekuwa na mamlaka juu ya gereza hilo, aliwaacha wakutane katika ua wa mazoezi akitumaini kwamba watasalimiana na hivyo kujifichua. Walipishana kama watu wasiojuana. Inasimuliwa kwamba Emmet alipata nafasi ya kumnong'oneza aseme tu anachojua juu yake, kwa kuwa yeye alikwisha kuwa maiti na Anne angeweza kuokoka. Hata ruhusa ya bwana mwenyewe hakuipokea.

Nalazimika kuongeza kwamba serikali haikumhitaji. Leonard McNally, wakili aliyemtetea Emmet mahakamani, alikuwa akilipwa kwa siri na serikali hiyohiyo, jambo lililojulikana baada ya kifo chake mwaka 1820. Emmet alihukumiwa tarehe 19 Septemba na kuuawa kesho yake katika mtaa wa Thomas. Anne aliwekwa kizuizini hadi 1806, ingawa hakukuwa tena na mtu wa kumtolea ushahidi.

Baada ya hapo aliishi Dublin akifua nguo za watu. Katika miaka ya 1840 Dr. R. R. Madden, aliyekuwa akikusanya habari za waasi wa zamani, alimkuta akiwa mzee na maskini, na safari moja akaenda naye Butterfield. Nyumba ilikuwa na wenyewe wengine. Anne alipita ndani akimwonyesha chumba alicholala Emmet, kisha akamtoa uani na kumwonyesha mahali uliposimama ule mkokoteni.