Siku moja kwenye darasa la muziki la kitengo cha elimu maalumu

Saa 1:00 asubuhi
Ngoma huanza kabla ya watoto. Huku pwani unyevu wa usiku hulegeza ngozi, na ngoma iliyolegea haitoi ule mlio mzito ambao mwanafunzi kiziwi huuhisi mwilini. Zianike juani kama nusu saa, ngozi ikitazama jua, kisha zijaribu kwa kiganja. Ukipasha kwa moto, ngozi ikiwa ya moto kiasi cha kuchoma mkono ujue umeisogeza mno, nayo itapasuka ukingoni ilipowambwa.

Wakati zinapashika, kagua kayamba. Zile za chupa za maji za nusu lita huwekwa mchele au kunde hadi robo tu, kwa maana zikijazwa punje hazipati nafasi ya kurukaruka. Kizibo kigandishwe kwa gundi kali na kuzungushiwa utepe. Mtoto anayepeleka kila kitu mdomoni hufungua kizibo kufumba na kufumbua, na kunde moja yaweza kumpalia.

Saa 2:00
Vipindi vingi vinavyoharibika vimeharibikia hapa, kwenye mpangilio wa chumba, ingawa lawama huwaangukia watoto. Sukuma madawati ukutani na panga viti nusu duara. Funika ala zote kwa shuka, maana mtoto akishaona ngoma sita hasikii tena maelekezo. Mwalimu asisimame mbele ya dirisha, kwa sababu mwanga ukiwa nyuma yake uso huwa giza na kiziwi hasomi midomo wala hazioni alama vizuri. Karibu na mlango weka kiti kimoja kitupu, cha yule atakayeelemewa na kelele. Aende na kurudi mwenyewe bila kuomba ruhusa.

Saa 2:30, kundi la usonji na ulemavu wa akili
Ukutani kuna picha nne: kusalimiana, kupiga, kusikiliza, kuagana. Kila hatua ikiisha, mtoto mmoja hugeuza picha yake. Wimbo wa salamu ni uleule muhula mzima, kwa ufunguo uleule. Ukiubadilisha kwa kuwa wewe umeuchoka, unamwondolea mtoto mwenye usonji kitu cha kwanza alichokuwa na hakika nacho. Ngoma ya kwanza ipigwe kwa ncha za vidole. Kabla ya pigo kubwa, inua mkono juu wote wauone.

Mapigo yanafundishwa kwa maneno ya chakula. Chai ina silabi mbili, mandazi tatu, maharage nne. Kiswahili hukaza silabi ya pili kutoka mwisho, basi silabi hiyo ipigwe katikati ya ngoma na nyingine ukingoni: CHA-i, ma-NDA-zi, ma-ha-RA-ge. Wasemao na wapige huku wanasema. Asiyesema apige tu, na mara nyingi ndiye anayeshika mwendo sawasawa kuliko wote. Kosa la kawaida ni kuongeza neno la pili kabla la kwanza halijakaa. Siku nyingine kipindi kizima huishia kwenye chai, na hakuna ubaya.

Saa 4:00
Uji. Mikwiro na filimbi huoshwa kwa sabuni. Filimbi haiazimwi, kila moja ina jina la mwenyewe.

Saa 4:30, mtindio wa ubongo
Hapa ni mwanafunzi mmoja mmoja, dakika 15. Anza na mkao: nyonga zifike nyuma kabisa ya kiti, miguu ikanyage kibao, ala iwe usawa wa kiwiko. Miguu ikining'inia, nguvu zote huishia katika kujishikilia na mkono haubaki na kitu. Mkwiro mwembamba hauchezeki. Uzungushie sponji na kitambaa hadi unene wa sentimita 3 au 4. Asiyeweza kufumba vidole, fungia mkwiro kiganjani kwa mpira wa ndani wa tairi la baiskeli, upana wa vidole viwili. Kidole chako lazima kipite chini yake, na kila baada ya dakika chache angalia rangi ya kucha.

Kwenye marimba, funika fa na ti kwa vitambaa. Mi na fa zimekaribiana mno, vivyo hivyo ti na do. Zikizibwa, do, re, mi, so na la hupatana hata mkono ukirukia pasipo pake. Mtoto anayecheza na mwenzake asikie muziki tangu pigo la kwanza. Ni haki yake.

Kisha ngoja. Ukishasema "piga", hesabu kimoyomoyo hadi kumi. Mwili unajipanga, na ukirudia agizo katikati unaulazimisha kuanza upya. Wengi wanaoandikwa "hawezi" ni watoto ambao hakuna aliyefika kumi.

Saa 6:00, viziwi
Sakafu ya saruji haisafirishi mtikisiko vizuri. Tunatumia jukwaa la mbao la mita 2 kwa 1, ngoma imewekwa juu yake na wanafunzi wamesimama peku. Milio mizito huhisiwa miguuni na kifuani. Ya filimbi karibu haihisiwi, hivyo usipoteze kipindi nayo. Puto lililojazwa hewa na kukumbatiwa husaidia wanaoanza. Tatizo ni kwamba huiga mkono wa mwalimu badala ya kuuhisi mdundo, basi piga ukiwa nyuma yao. Aliyevaa kifaa cha usikivu asikae mdomoni mwa ngoma.

Saa 7:00, wasioona
Mkono wa mwalimu ukae chini, wa mwanafunzi juu yake, ili aweze kuutoa akitaka. Wakubwa husoma nota za nukta nundu. Louis Braille mwenyewe, aliyebuni maandishi hayo, alikuwa mpiga kinanda wa kanisa mjini Paris. Nota C hadi B, yaani do hadi ti, ni herufi d hadi j, kila moja ikiwa nusu pigo. Kati ya nukta sita za herufi, ongeza nukta ya 6 upate pigo moja, nukta ya 3 upate mawili, zote mbili upate manne. Kwa kuwa vidole vinavyosoma haviwezi kucheza papo hapo, fundisha vipande vya mapigo manane: asome, akariri, ndipo acheze.

Saa 8:00
Daftari. Kila jina lina alama moja kati ya tatu: amefanya mwenyewe, kwa kuelekezwa, au kwa kushikwa mkono. Mwenye alama ileile vipindi vitatu mfululizo hubadilishiwa kitu kimoja tu, ama ala, ama mkao, ama urefu wa kungoja. Ukibadilisha viwili kwa pamoja hutajua kipi kimesaidia.