Mbeleko tupu

Kamwene ndugu zangu. Wateja wangu wa sare mnivumilie kidogo, cherehani imepumzika, nashona kwa mkono. Kinamama wachache hapa Iringa tunatengeneza kitambaa cha ukumbusho wa watoto waliokufa katika Vita vya Maji Maji, 1905 hadi 1907.

Shuleni tulikariri habari za risasi kugeuka maji, tukafaulu mtihani, basi. Njaa tuliipita juu juu. Wajerumani walichoma vijiji, mashamba na vihenge kwa makusudi, na njaa iliyofuata ikaua watu wengi kuliko bunduki. Wapo wanahistoria wanaokadiria waliokufa kufikia 300,000. Na njaa ikiingia, anayetangulia ni mtoto. Hilo halihitaji profesa.

Majina yao hayakuandikwa. Kwa hiyo tunashona mbeleko ndogo za kaniki, za ukubwa wa kiganja, ncha zimefungwa fundo, ndani hamna mtu. Kaniki mpya inachuja rangi, vidole vyangu vimekuwa vyeusi hadi kwenye kucha.

Mwenzetu mmoja alitaka uzi mwekundu. Bibi mmoja wa Njombe akamkatalia: "Mwanangu, hawa hawakumwagika damu, walikauka. Tieni rangi ya majivu." Hakuna aliyebisha. Kila pindo tunalipiga uzi wa kijivu na kufungia punje za ulezi ndani (panya wa dukani wameshajua, hayo tuyaache).

Kaniki zimeanza kutuishia. Mwenye ya bibi yake iliyochakaa asiifanye tambara la jikoni, aniletee dukani.