Vinia za meno: enameli kwanza, rangi baadaye

Anayekuja kuulizia vinia huanza na rangi: zitakuwa nyeupe kiasi gani, na zitabaki hivyo hadi lini. Mimi huanza na enameli, lile tabaka gumu la nje la jino. Vinia ni kigamba chembamba kinachobandikwa upande wa mbele wa jino, na uhai wake unategemea kilicho chini yake. Ikibandikwa juu ya enameli inashika imara kwa miaka mingi. Ikibandikwa juu ya dentini, lile tabaka la ndani lenye unyevu na rangi ya manjano, inashika kwa mashaka. Dhana nyingi ninazolazimika kuzisahihisha kabla ya kushika mashine zinaanzia hapo.

Kwenye meno ya mbele ya juu, enameli iliyo karibu na ufizi ina unene wa takriban milimita 0.3 hadi 0.5. Inaongezeka kadiri unavyoshuka, na kwenye ncha ya jino inafika milimita 1 au zaidi kidogo. Vinia ya kauri yenyewe huwa na milimita 0.3 hadi 0.7. Kwa hiyo kazi yote inafanyika ndani ya nafasi ya unene wa ukucha, na kosa la milimita 0.2 karibu na ufizi linatosha kukutoa kwenye enameli na kukuingiza kwenye dentini.

Dhana inayotisha watu kuliko zote ni kwamba meno huchongwa yakabaki vijiti. Picha zile za meno yaliyochongoka kama misumari ni za krauni. Krauni hulifunika jino zima pande zote, kwa hiyo jino hupunguzwa pande zote; utafiti wa Edelhoff na Sorensen wa mwaka 2002 ulipima meno ya mbele ukakuta krauni huondoa asilimia 63 hadi 72 ya sehemu ya jino inayoonekana, ilhali vinia huondoa asilimia 3 hadi 30 kutegemea umbo lake. Tatizo ni kwamba wako watoa huduma wanaoziita krauni hizo vinia, na mtu hujua tofauti baada ya jino kwisha kuchongwa. Swali linalokulinda ni hili: utapunguza milimita ngapi, na pande ngapi za jino? Ukijibiwa kwamba jino litazungushwa lote, hiyo ni krauni, hata kama bei na jina ni vya vinia. Krauni ina mahali pake, kwa mfano jino lililovunjika vibaya au lililojazwa sehemu kubwa. Jino zima lenye enameli yake si mahali pake.

Sichongi kwa macho. Kwanza natengeneza umbo la meno yajayo kwa nta juu ya kielelezo cha meno, nalichukulia chapa kwa silikoni, kisha najaza chapa hiyo rezini ya muda, yaani plastiki laini inayoganda, na kuiweka mdomoni. Baada ya dakika chache mtu anajiona kwenye kioo akiwa na umbo jipya, na jino lake bado halijaguswa. Hapo ndipo tunazungumza kuhusu urefu na upana. Jino la kati la juu hupendeza upana wake ukiwa kama asilimia 75 hadi 80 ya urefu wake. Likizidi hapo linaonekana la mraba. Namwambia atamke “fua” na “vaa”: ncha za meno ya juu zinapaswa kugusa mdomo wa chini mahali sehemu kavu inapokutana na ile yenye unyevu. Kisha “sitini na sita”, kusikiliza kama hewa inapita vizuri. Meno yakiwa marefu mno au manene mno, matamshi yatakuambia kabla kioo hakijakuambia.

Umbo hilo la muda nalichonga likiwa bado juu ya jino. Natoboa mifereji yenye kina maalumu: milimita 0.3 karibu na ufizi, 0.5 katikati, na 1 hadi 1.5 kwenye ncha ikiwa ncha itafunikwa. Jino lililolika kwa miaka limekwisha kupoteza unene wake, kwa hiyo mfereji wenye kina hicho, ukianzia kwenye umbo jipya, mara nyingi unaligusa jino kidogo tu au hauligusi kabisa. Anayechonga moja kwa moja juu ya jino lililolika huondoa enameli ileile mara ya pili. Nikibaki ndani ya enameli, mara nyingi hata ganzi haihitajiki.

Wengine huja na dhana ya upande wa pili, kwamba vinia nzuri ni ile isiyochonga chochote na ambayo inaweza kutolewa siku yoyote jino likarudi kama lilivyokuwa. Vinia za namna hiyo zipo, nami huzitumia kwa meno madogo, meno yenye mianya, au jino lililoegemea ndani. Kwa jino lililotokeza mbele hazifai, maana kuongeza hata milimita 0.4 mbele yake kunaacha kizingiti karibu na ufizi. Utando wa bakteria hukaa hapo, ufizi unavimba na kutoa damu, na mtu anadhani mwili wake unakataa kauri. Unachokataa ufizi ni kile kizingiti. Na kuitoa si kuibandua kama stika: inachongwa kidogo kidogo au inalegezwa kwa leza, na enameli ikaparuzwa kidogo ni jambo la kawaida. Hata isiyochonga, ihesabu kuwa ya kudumu.

Meno yaliyopinda sana sipendi kuyanyoosha kwa vinia. Ili kulileta jino lililozunguka kwenye mstari, upande mmoja lazima uchongwe hadi ndani ya dentini na upande mwingine uongezwe unene. Waya au vifuniko vya plastiki vinavyosukuma meno huchukua miezi, lakini vinabakisha enameli. Baada ya hapo pengine meno mawili yatahitaji vinia badala ya manane, na pengine hakuna litakalohitaji.

Rangi ina mtego wake. Dawa ya kung'arisha haibadilishi rangi ya kauri wala kompoziti, yaani rezini yenye rangi ya jino. Anayetaka meno meupe anapaswa kung'arisha meno yake ya asili kwanza, kisha asubiri angalau wiki 2 kabla ya kubandika. Sababu ni mbili: rangi huendelea kutulia siku kadhaa baada ya dawa, na oksijeni iliyobaki ndani ya enameli huzuia rezini ya kubandikia kukauka sawasawa, hivyo inadhoofisha mshiko. Rangi yenyewe naichagua mwanzoni kabisa mwa ziara, jino likiwa na mate yake, kwa sababu jino lililokauka kwa dakika chache tu huonekana jeupe kuliko lilivyo.

Jino jeusi halifichwi na kigamba chembamba. Kwa makadirio, kila daraja moja la rangi unalotaka kupanda linahitaji kauri ya milimita 0.2 hadi 0.3. Madoa ya kijivu ya tetrasaiklini, aina ya antibiotiki, yanaweza kukulazimisha kuchonga zaidi, na ndiyo maana hung'arishwa kwa miezi kwanza hata kama hayatakuwa meupe kabisa. Madoa ya kahawia ya floridi nyingi mara nyingi yako juujuu. Kuyasugua kwa dawa maalumu, kupenyeza rezini, au kung'arisha kunaweza kutosha bila vinia. Yasipotosha, kumbuka kwamba enameli ya namna hiyo hukataa asidi kidogo, hivyo inahitaji kupakwa kwa muda mrefu zaidi ili ishike.

Dhana ya kwamba vinia hudondoka hovyo ina asili yake. Charles Pincus, daktari wa meno wa California, alipoanza kuzitengeneza mwaka 1928 kwa waigizaji wa filamu, alizishikiza kwa gundi ya meno bandia, zikavuliwa baada ya kazi. Mwaka 1955 Michael Buonocore alionyesha kwamba asidi ya fosforiki huparuza enameli kiasi cha rezini kuishika, na mwanzoni mwa miaka ya 1980 kauri nayo ikaanza kuparuzwa kwa asidi yake. Tangu hapo, ubandikaji ukifuatwa hatua kwa hatua, vinia kung'oka si jambo la kawaida.

Siku ya kubandika haiharakishwi. Naijaribu vinia kwanza kwa jeli ya majaribio yenye rangi ileile ya simenti, yaani gundi ya rezini itakayoibandika, nikitazama ukingo na rangi. Siruhusu mtu aumane meno katika hatua hii, kwa sababu vinia ambayo haijabandikwa ni dhaifu kama ganda la yai; nguvu inaipata ikishashikana na jino. Nikishaisafisha, upande wake wa ndani unapakwa asidi ya haidrofloriki nje ya mdomo: kwa kauri ya lithiamu disiliketi, asidi ya asilimia 5 kwa sekunde 20. Kuizidisha ukidhani itashika zaidi kunaidhoofisha kauri yenyewe. Inasuuzwa, unga mweupe unaobaki unaondolewa, kisha inapakwa saileni kwa sekunde 60. Saileni ndiyo kiungo kati ya kauri na rezini, na chupa iliyokwisha muda wake haifanyi kazi hiyo.

Upande wa jino, nafunga pazia la mpira au naweka uzi mwembamba chini ya ufizi kuzuia majimaji. Asidi ya fosforiki ya asilimia 37 inakaa juu ya enameli kwa sekunde 30. Penye dentini, isizidi 15. Enameli iliyokubali huwa nyeupe kama chaki ikikaushwa. Tone moja la mate au damu likigusa uso huo, narudia hatua ya asidi, hata kama muda umekwenda. Ufizi unaotoka damu siku hiyo ni sababu ya kutosha kuahirisha, na ndiyo maana ukoga husafishwa wiki kadhaa kabla.

Kwa vinia nyembamba natumia simenti inayokauka kwa mwanga pekee. Zile zinazojikausha zenyewe kwa kemikali zina viambato vinavyoweza kugeuka manjano baada ya muda, na rangi hiyo huonekana kupitia kauri. Naiweka vinia mahali pake, naimulika sekunde 2 au 3 tu, naondoa ziada ikiwa bado laini kama jibini, napitisha uzi kati ya meno, ndipo namulika kila upande sekunde 40, ukingo ukiwa umefunikwa jeli ya gliserini ili hewa isizuie kukauka. Ziada ya simenti iliyosahaulika chini ya ufizi ndiyo chanzo cha ufizi mwekundu usiopona.

Hisia ya baridi kali kwa siku chache, hata wiki mbili tatu, inaeleweka. Maumivu yanayopiga usiku bila kuguswa ni jambo jingine, na jino linahitaji kuchunguzwa.

Wapo wanaoamini kwamba jino lenye vinia halitoboki. Kauri haitoboki, lakini jino linatoboka kwenye ukingo, hasa karibu na ufizi. Mswaki laini mara mbili kwa siku, dawa yenye floridi isiyo na chembe za kukwaruza, na uzi wa meno kila siku. Dawa za mkaa ziache. Mtu akienda kusafishwa meno aseme mapema kwamba ana vinia: jeli ya floridi yenye asidi huondoa mng'ao wa kauri, kwa hiyo atumiwe ile isiyo na asidi.

Adui mkubwa wa kauri ni kusaga meno usingizini. Ncha za meno zilizolika kuwa bapa zinanieleza hilo hata kama mhusika hajui. Kwake kinga ya usiku ya plastiki ngumu ni sehemu ya tiba, na akikataa kuivaa, sibandiki. Kufungua vifuniko vya chupa kwa meno, kutafuna barafu na kuuma kucha huvunja ncha vilevile.

Muda? Za kauri zilizobandikwa kwenye enameli huishi miaka 10 hadi 15, nyingine zaidi. Za kompoziti, ambazo mara nyingi hukamilika kwa ziara moja, ni kama 5 hadi 7. Zinashika madoa na kupoteza mng'ao, lakini zikibanduka kipande zinarekebishwa hapohapo. Kwa kijana ambaye ufizi wake bado haujatulia mahali pake na kiini cha jino bado ni kikubwa, mimi huegemea kompoziti. Kila ubadilishaji wa kauri hula enameli kidogo, na mwenye miaka 20 ana mabadilisho kadhaa mbele yake.

Ikitokea imeng'oka nzima, iweke kwenye kichombo kigumu na uje nayo. Usiigandishe kwa gundi ya dukani. Gundi hiyo hujaza upande wa ndani na kuharibu mkao wake. Mimi hutazama kwanza simenti imebaki wapi. Ikibaki juu ya jino, kauri ndiyo haikuandaliwa vizuri, na mara nyingi inasafishwa, inapakwa asidi na saileni upya na kurudishwa. Ikibaki ndani ya vinia na jino likawa safi, mshiko wa jino ndio ulioshindwa: kulikuwa na unyevu, au chini yake kuna dentini. Hapo naukausha uso wa jino na kutafuta ile rangi ya manjano kabla ya kuahidi chochote.